Sura ya Tano: Mbunifu Aliyefuga Panya

Nyumbani kwetu Izimbya panya buku hakuwa na mtetezi. Alikuja usiku, kutoka kule kibanja kinakoishia na mbuga ya rweya kuanza, akapita chini ya migomba kama mtu anayewahi kazini, akaingia jikoni kwa bibi. Hakula palepale. Hilo ndilo lililomuudhi bibi kuliko wizi wenyewe. Alijaza karanga kwenye mifuko ya mashavu yake hadi kichwa kikawa kipana kuliko mabega, akaenda kuzihifadhi kwake, akarudi, akajaza tena. "Waitu, mwizi gani huyu anakuja na gunia lake!" bibi alilalamika asubuhi, akipepeta maganda yaliyobaki kwenye ungo.

Baba mdogo akapewa kazi ya kutega. Alikata fito mbichi, akaichomeka ardhini na kuikunja ikawa upinde. Kwenye ncha alifunga kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, akakizuia kwa kijiti kilichoshikilia kipande cha ndizi mbivu. Panya akigusa ndizi, kijiti kinachomoka, fito inafyatuka, habari imekwisha. Usiku wa kwanza ndizi haikuguswa, na usiku wa pili vilevile, ingawa karanga jikoni zilizidi kupungua. Siku ya tatu jioni nilimwona baba mdogo akileta kiganja chake puani, akanusa, akacheka peke yake. Akachukua ganda la ndizi akausugulia waya wote, na fito, na kijiti, na mikono yake mwenyewe hadi kwenye viwiko, ndipo akatega upya. Asubuhi panya alikuwa pale, mrefu kuliko mkono wangu, nusu ya mkia wake nyeusi na nusu nyeupe kama umechovywa kwenye chokaa.

"Macho yake si kitu," baba mdogo akaniambia. "Huyu anaona kwa pua."

Mwaka ulikuwa 1997, ule wa mvua za El Niño. Mwaka huohuo, huko Ubelgiji, mbunifu wa bidhaa wa miaka thelathini hivi, Bart Weetjens, alikuwa akihangaika kuwashawishi watu wenye fedha juu ya jambo lilelile aliloligundua baba mdogo kwa kunusa kiganja. Tofauti yao ni kwamba baba mdogo alitaka panya asinuse, na Weetjens alitaka kumlipa ili anuse.

Neno "mbunifu" mjini limeshatekwa na watu wa mavazi. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba fulani ni mbunifu, atakuuliza anashonea wapi. Mbunifu wa bidhaa ni mwingine. Ni yule anayeamua mpini uwe na unene gani, kifuniko kifungukie upande upi, ndoo ibebwe kichwani au mkononi, na akifanya kazi yake vizuri hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu aliyeifikiria. Kwetu Kagera kazi hii haina cheo, ila ipo. Nenda Bukoba msimu wa senene, Novemba hivi, utazame mtego wao usiku. Mabati mapya yanayong'aa yamesimamishwa yameinama kidogo, juu yake taa kali, chini yake mapipa, pembeni moshi wa majani mabichi. Senene anafuata mwanga, moshi unamlewesha, anagonga bati, anakosa pa kushika, anateleza hadi pipani. Bati lazima liwe jipya, kwa sababu lililopata kutu lina mikwaruzo, na senene hahitaji zaidi ya mkwaruzo kuokoa maisha yake. Kila kipande pale kina sababu ya kuwepo. Aliyekiwaza kwanza hatumjui na wala hatumtafuti.

Weetjens tunamjua, na faida ya kumjua ni kwamba tunaweza kufuata nyayo zake kurudi nyuma hadi kwenye chumba chake cha utotoni, ambako kulikuwa na vizimba.

Alizaliwa mwaka 1967. Tangu mtoto alikuwa na ugonjwa wa wanyama wagugunao: panya wa aina mbalimbali, hamsta, kindi, panya wadogo wa jangwani. Hakuwafuga kwa kuwatazama tu. Aliwazalisha na kuwauza kwenye maduka ya wanyama wa kufugwa, biashara ya mtoto wa shule. Anayefuga hivyo hujifunza mambo ambayo hayamo kitabuni. Hujua mimba inachukua siku ngapi, yupi anauma akishtuliwa, yupi anarudi mkononi hata bila kuitwa, na hujua, kama alivyojua baba mdogo, kwamba mnyama huyu dunia yake yote iko puani. Kitu cha pili kilichomkaa ni Afrika. Nyumbani kwao walipita wanafunzi wa Kiafrika, na hadithi zao hazikumtoka kichwani.

Kisha akakua, akafanya kama wanavyofanya watu wazima: akaacha panya, akaenda kusoma. Alisomea uhandisi wa ubunifu wa bidhaa huko Antwerp, akavutiwa na teknolojia zinazofaa nchi zenye kipato kidogo, yaani vitu ambavyo mtumiaji mwenyewe anaweza kuvitengeneza, kuvirekebisha na kuvimiliki. Alipohitimu alipata kazi viwandani. Mwenyewe amesimulia mara nyingi, pia kwenye mhadhara wake wa TEDx mjini Rotterdam mwaka 2010, kwamba hakuwa na raha kule. Aliona anasaidia kuchimba malighafi upande mmoja wa dunia ili zigeuke takataka upande mwingine. Akaacha kazi. Wabunifu wengi wamewahi kusema maneno hayo ya kuchoka na viwanda, kisha mwezi ukaisha, mshahara ukaingia, na maneno yakaishia palepale. Huyu aliondoka kweli, akajichagulia tatizo moja: mabomu ya kutegwa ardhini.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa sana tatizo hilo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuishika ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, kisha yakalilipua daraja la Kyaka, watu walikimbilia kusini wakibeba magodoro, na vijiji vya upande wetu vikawa na wageni wasiojua watarudi lini. Vita vilikwisha mwaka uliofuata. Chuma cha vita hakikwisha. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga kule Ngara, bomu la mkono lililookotwa na mtoto, kwa namna tunavyookota chuma chakavu cha kuuza, lililipuka shuleni asubuhi, likaua wanafunzi na kujeruhi makumi. Bomu halijui kama vita vimekwisha. La kutegwa ardhini ni baya zaidi kwa sababu linakaa kimya shambani miaka thelathini, likimsubiri mwenye jembe.

Hapa ndipo namna ya kazi ya Weetjens inapoanza kuonekana. Mhandisi wa kawaida angeuliza: nitatengenezaje mashine bora ya kutafuta mabomu? Yeye alianza na swali la mwenye shamba. Nani analipa, nani anaitengeneza ikiharibika, na mtaalamu aliyekuja na ndege akirudi kwao inabaki na nani? Kifaa cha kutambua chuma kilikuwepo tayari, na kasoro yake ni kwamba kinatambua chuma. Kinapiga kelele kwa bomu, kwa msumari, kwa kizibo cha soda, kwa ganda la risasi, na kila kelele lazima mtu apige magoti achimbe taratibu kama anayefukua kaburi la mzazi wake. Mbwa walikuwepo pia, wazuri, ila ni ghali, wazito, huugua magonjwa ya nchi za joto, na humzoea mtu mmoja kiasi kwamba mtu huyo akihama kazi inasimama.

Katika kusoma kwake alikuta taarifa za watafiti waliowahi kuwafundisha panya wadogo wa jangwani kunusa baruti. Nadhani mhandisi mwingine angeisoma taarifa hiyo, akatabasamu, akafunua ukurasa. Kwa Weetjens ilikuwa kama mtu kukutana stendi na rafiki aliyesoma naye darasa la tatu. Akamwendea Ron Verhagen, profesa wa Chuo Kikuu cha Antwerp aliyebobea kwenye wagugunaji, akamuuliza panya gani angefaa. Verhagen akamtajia panya buku, jamii ya Cricetomys, mwenyeji wa nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Sababu zilikuwa za kibiashara kabisa. Panya wa kawaida anaishi miaka miwili au mitatu. Ukimfundisha mwaka mzima, umebaki na nini? Panya buku akitunzwa anafika miaka 8. Amezoea magonjwa ya kwetu kwa sababu ni wa kwetu. Ana uzito wa kilo moja na kidogo, na bomu la kumlenga mtu kwa kawaida linahitaji kukanyagwa na kilo tano hivi ndipo lishtuke. Na tabia yake ile iliyomuudhi bibi, ya kutafuta chakula, kukibeba na kukizika, maana yake ni kwamba maisha yake yote ni kutafuta kwa pua vitu vilivyofukiwa. Hapo mbunifu hakuwa na cha kuongeza.

Serikali ya Ubelgiji ilitoa fedha za kuanzia mwishoni mwa 1997. Weetjens na mwenzake Christophe Cox, naye mtu wa ubunifu wa bidhaa, wakaanzisha shirika na kuliita APOPO. Watu wengi Morogoro wanalitamka jina hilo kana kwamba ni la Kiluguru. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiholanzi, na ukiyafungua unakuta maneno mawili ya mwisho ni uundaji wa bidhaa, na yote kwa pamoja ni uundaji wa bidhaa za kutegulia mabomu dhidi ya binadamu. Nalipenda jina hili kwa ukaidi wake. Mtu anakwenda kuomba fedha za kufundisha panya, watu wanamcheka, na yeye kwenye bango ameandika kwamba hii ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Mwaka 2000 kazi ikahamia Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chini ya milima ya Uluguru. Kwa nini SUA? Kwa sababu SUA ilikuwa na watu wanaomjua panya kuliko karibu wote Afrika Mashariki, na walimjua kwa nia ya kumwangamiza. Panya shamba ni janga la mahindi Morogoro, na kule Lushoto tauni iliyozuka mwaka 1980 iliendelea kusumbua kwa miaka zaidi ya ishirini. Chuo kikawa na kitengo cha utafiti wa panya na wadudu waharibifu, na miongoni mwa wataalamu wake alikuwepo Profesa Robert Machang'u, aliyesimama na mradi huu tangu siku za mwanzo. Jeshi la Wananchi nalo likasaidia kuandaa uwanja wa mazoezi wenye mabomu yaliyoondolewa vilipuzi vya kushtulia. Hebu waza: kituo kilichoundwa kupambana na panya kikawapokea wageni waliotaka kuwaajiri.

Niliwahi kufika kwenye uwanja huo. Ukitaka kuwaona panya kazini lazima uamke mapema, maana panya buku ni mnyama wa usiku, na jua likishapanda anachoka na hasira zinamjia. Saa kumi na mbili na nusu umande ulikuwa bado kwenye nyasi. Uwanja umegawanywa kwa kamba kuwa vyumba vya mstatili. Wafunzi wawili walisimama, mmoja huku na mwingine kule, kamba imevutwa kati yao, na kwenye kamba hiyo panya amefungwa kishipi kidogo kifuani. Kabla ya kumwachia, mfunzi mmoja alitoa kichupa akampaka panya losheni masikioni na mkiani. Ni losheni ya kukinga jua, kama wanayotumia ndugu zetu wenye ualbino. Masikio ya panya hayana manyoya, na mnyama wa shimoni hakuumbiwa jua la Morogoro. Bila losheni anaweza kupata saratani ya ngozi. Niliyatazama yale masikio mawili meupe kwa losheni nikaona ndani yake miaka ya kazi. Mtu aliyechora mradi huu mezani asingejua kwamba utahitaji losheni. Hilo hujulikana baada ya kukaa na panya.

Panya alikwenda kwa mstari hadi mwisho wa kamba, akageuka, wafunzi wakapiga hatua ndogo mbele, akarudi. Pua chini, masharubu yakitetemeka. Mara akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akanusa, akaanza kukwangua ardhi kwa miguu ya mbele, haraka haraka, kama kuku. Mfunzi akabofya kidude mkononi, kikalia "ta!", na panya akaacha kila kitu akakimbilia kwake. Zawadi yake ilikuwa ndizi iliyopondwa na karanga.

Ndizi na karanga! Nilikaribia kucheka kwa sauti. Ule wizi wote wa jikoni kwa bibi, hapa ni mshahara.

Mafunzo yanachukua miezi tisa hivi. Panya anaanza akiwa na wiki tano au sita, macho yamefunguka, anabebwa mabegani, anazoeshwa magari, sauti za redio na harufu ya watu. Kisha anafundishwa kwamba sauti ya "ta!" maana yake chakula. Kisha kwamba sauti hiyo inakuja akinusa baruti ya TNT na haiji akinusa kingine. Baruti hiyo mwanzoni huwekwa ndani ya vile vichungi vya chuma vya majani ya chai vyenye umbo la yai, vinavyouzwa madukani. Baadaye hufukiwa kwenye mchanga, kisha kwenye udongo, kina kikiongezeka. Mwishoni kuna mtihani ambao mfunzi mwenyewe hajui mabomu yamefukiwa wapi, na panya anatakiwa asikose hata moja. Aliyefuzu anakagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha chuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kutegemea chuma chakavu kilichopo.

Panya wa kwanza walipewa vyeti kwa viwango vya kimataifa nchini Msumbiji mwaka 2004. Septemba 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa huru na mabomu yaliyojulikana, kazi ya mashirika mengi, mashine nyingi, watu wengi wenye magoti yenye sugu, na panya wa Morogoro wakiwemo.

Kuna jambo moja la kiufundi ninalotaka kukaa nalo, kwa sababu ndilo linaloonyesha tofauti kati ya mtu mwenye wazo na mbunifu. Weetjens na wenzake walijiuliza mapema: kama pua inaweza kutambua baruti, inaweza kutambua kifua kikuu? Ugonjwa huo una harufu. Waganga wa zamani wamelisema hilo katika nchi nyingi. Mwaka 2003 wazo hilo lilishinda fedha kwenye mashindano ya Benki ya Dunia, na tangu 2007 makohozi ya wagonjwa kutoka zahanati na hospitali yamekuwa yakipelekwa Morogoro. Panya anaingia kwenye kizimba chenye matundu kumi sakafuni, chini ya kila tundu kuna sampuli iliyopashwa joto kuua vimelea. Akiweka pua juu ya tundu kwa sekunde tatu, amesema ndiyo. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Kwa hadubini ni kazi ya siku kadhaa.

Lakini utamlipaje panya kwa jibu ambalo hata wewe hulijui? Shambani mwa mazoezi unajua bomu liko wapi kwa sababu umelifukia mwenyewe. Kwenye makohozi hujui. Ndiyo maana umemwuliza panya. Ukimpa ndizi kila anaposimama, kesho atasimama kila mahali, kama mtoto aliyegundua kwamba kulia kunaleta pipi. Usipompa kabisa, ataacha kazi. Jibu lao lilikuwa kuchanganya: katikati ya sampuli zisizojulikana zinawekwa chache ambazo hospitali ilishathibitisha zina ugonjwa. Kwa hizo analipwa. Kwa nyingine halipwi, lakini hajui zipi ni zipi, kwa hiyo anafanya kazi zote kwa bidii moja. Sampuli anazozitilia shaka panya, ambazo hospitali ilizipitisha kuwa salama, zinapimwa tena maabara kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Kwa hesabu za shirika lenyewe, wagonjwa wanaogunduliwa katika zahanati wanazoshirikiana nazo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Panya hapewi neno la mwisho, na sawa asipewe. Shirika la Afya Duniani halijamweka kwenye orodha ya vipimo vyake, na mashine za kisasa zinazosoma vinasaba vya vimelea zinaendelea kusambaa. Hata hivyo mpango ule wa kuchanganya sampuli naona ni mojawapo ya vitu vilivyobuniwa vizuri sana katika nchi hii, na huwezi kuushika mkononi.

Huwa naulizwa, ni kweli mtu huyu ni mtawa? Ndiyo, Weetjens ni mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen, amenyoa kichwa, anakaa kimya akitazama ukuta kwa muda ambao mimi ningeshalala. Waandishi hupenda kulitaja hilo kama kichekesho cha pembeni: panya, mabomu na Budha. Mimi nadhani liko katikati ya kazi yake. Anayekaa Zen anafundishwa kutazama kilichopo kabla ya kuamua kingekuwa nini. Na kumfundisha panya ni hivyohivyo. Huwezi kumkaripia, huwezi kumharakisha, hajali cheo chako. Baba mdogo wangu hakuwahi kusikia habari za Zen, lakini zile siku tatu, kabla ya kunusa kiganja, alikaa muda mrefu kwenye kigoda akiutazama mtego usiokamata kitu, bila kuupiga teke.

Septemba 2020 panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Tanzania aliyefunzwa Morogoro na kupelekwa Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA linalotuza ushujaa wa wanyama. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini na vilipuzi vingine 38. Alikufa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Aprili 2025 rekodi za Guinness zikamtaja mrithi wake, Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, kwa mabomu 109. Majina yao yamezunguka dunia. Majina ya Watanzania waliowapaka losheni alfajiri, waliogundua kwamba huyu anafanya kazi vizuri akishikwa na fulani na yule hapendi harufu ya sabuni fulani, hayakuzunguka. Sisemi Weetjens amewaibia. Amelisema mwenyewe lengo lake tangu mwanzo, kwamba teknolojia iwe mikononi mwa watu wa mahali. Nasema tu kwamba tukihesabu wabunifu wa bidhaa hii, tusiishie kwenye chumba cha vizimba Ubelgiji.

Tumeshawahi kufanya kosa hilo kwetu. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Buhaya wafue chuma kama walivyofanya wazazi wao, kazi ambayo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi kwa sababu majembe ya Ulaya yalikuwa ya bei rahisi. Wazee wakajenga tanuri kwa kumbukumbu. Udongo wa kichuguu, mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kufika kwenye mkaa, matete ya bwawani yaliyochomwa chini. Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri. Wakabishana, wakabadilisha, wakajenga tena, hadi chuma kikatoka. Makala aliyoandika Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978 iliushangaza ulimwengu wa wasomi. Wazee wale walichofanya pale, kukosea na kurekebisha mbele ya wageni bila aibu, ndiyo kazi hasa ya mbunifu wa bidhaa. Nani anakumbuka jina la hata mmoja wao?

Likizo iliyofuata safari yangu ya Morogoro nilimkuta baba mdogo Izimbya, mzee sasa, amekaa kwenye kigoda nje akikausha kahawa kwenye turubai. Nilimsimulia yote. Mzungu aliyefuga panya akiwa mtoto, kamba, "ta!", mabomu, makohozi, medali ya dhahabu iliyotengenezwa ndogo ili imwenee panya kifuani. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alikuwa akigeuza buni kwa kiganja, taratibu, akichagua mbovu na kuzitupa. Mwisho akauliza:

"Na chakula wanampa nini?"

"Ndizi na karanga."

Akanyamaza. Akatazama jikoni kwa bibi, ambako paa la mabati siku hizi limechukua nafasi ya nyasi.

"Mwana wange," akasema, "basi wa kwetu hapa walichukua mshahara miaka yote na kazini hawakuonekana."